Kadi Kumi na Tisa za Jepkorir

Nakuru,
Jumapili, 14 Machi 1976.

Kwa dada yangu mpendwa Truphosa,

Pokea salamu zangu nyingi huko Molo. Nakuuliza kwanza habari za kifua chako: je, kimepoa, au baridi ya huko bado inakuamsha kwa kikohozi kila asubuhi? Sisi hapa tu wazima kwa rehema za Mungu. Mama watoto anakusalimu. Tumerudi kanisani sasa hivi, naye yuko uani anachambua mboga za mrenda. Mvua imechelewa, na vumbi la upande wa ziwani limeingia hata ndani ya makabati yaliyofungwa.

Barua yako ya tarehe tisa niliipokea Alhamisi kutoka kwa dereva wa lori la viazi. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Umeandika kwamba Alhamisi hii inayokuja utashuka Nakuru kuhudhuria kikao cha kamati ya Ushirika wetu wa Wafugaji, na kwamba utasimama mbele ya watu na kumnyooshea kidole yule msichana wa mashine, ambaye uzembe wake uliwaua ndama wako wawili na kumwacha Rosi akitembea kwa magoti kwa sababu kwato zimembanduka. Unataka afukuzwe siku hiyohiyo, asisubiriwe hata kumaliza chai. Nami umeniomba nikupangie maneno ya kusema, kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Nitakupangia. Lakini itanibidi nianze mbali, nawe univumilie, maana jambo lenyewe halieleweki bila kujua kazi yetu inavyofanyika.

Unakumbuka mwaka wa 1971 Ushirika ulipoleta kompyuta, watu wakaja kuichungulia dirishani kama wanaotazama simba. Mzungu aliyeileta alikaa miezi minane akaenda zake kwao. Meneja wetu, Bwana Mburu, alitafuta mtu wa kuendelea na kazi, akaniita mimi niliyekuwa nimeacha ualimu na kuwa karani wa kumbukumbu. Alisema kwamba mashine hii husomeshwa sentensi, na kwamba katika wilaya nzima hakumjua mtu aliyechanganua sentensi kwa ukali kama mimi. Nilipelekwa Nairobi wiki sita. Niliporudi nilitunga kitu tulichokiita kisomaji. Mabwana mifugo wa Molo, Njoro na Gilgil huandika maombi yao kwa Kiswahili kwenye fomu, sisi huyatoboa kwenye kadi, na kisomaji huyachanganua. Ombi kubwa kuliko yote ni lile la kila Jumatatu: mashine iorodheshe ng'ombe wote waliomaliza siku mia moja na themanini tangu chanjo ya miguu na midomo, ikihesabu hadi LEO. Orodha hiyo hupewa Kipkemei, mchanjaji wetu, naye huifuata boma kwa boma.

Kisomaji changu kilifanya kama nilivyokuwa nikiwafanyisha wanafunzi ubaoni. Kilichora mti wa sentensi, na kila neno likapewa tawi lake. ORODHESHA ni amri. CHANJO ni jina, nalo hutafutwa ndani ya kumbukumbu ya kila ng'ombe. IDADI na JUMLA ni kazi, nazo hutambuliwa kwa mabano yanayozifuata, kwa sababu ndani ya mabano ndimo mnamowekwa kitu cha kufanyiwa kazi. Lilipofika neno LEO, ambalo halina mabano na wala halimo ndani ya kumbukumbu ya ng'ombe yeyote, niliamua kwamba kisomaji kitazame kadi ya tarehe niliyoitoboa asubuhi hiyo, kichukue tarehe, na kuiandika mahali pa lile neno. Neno likaondoka, tarehe ikabaki. Nilijisifu kwa hilo. Niliamini kwamba sentensi iliyochanganuliwa haina haki ya kubakiwa na neno lisilojulikana maana.

Kwa miaka minne, dada, nilikuwa mtu. Sikuwa na cheo kikubwa, lakini nikipita barabarani watu waliniita Mwalimu wa Mashine. Mzee Shantilal, anayetuuzia karatasi, alikuwa akiniona mlangoni huinuka kwenye kiti chake na kunikalisha, kisha huagiza chai. Hakuna aliyejua nilichokijua. Nilikizoea kiti kile.

Julai mwaka jana akaja Jepkorir.

Huyu ndiye msichana unayetaka kumnyooshea kidole, kwa hiyo nataka umjue. Ni binti wa Njoro. Nilimfundisha mimi mwenyewe, darasa la tano hadi la saba, miaka ile ya uhuru. Alikuwa mtoto mwembamba aliyekaa dirishani, na siku moja nilimchapa kiboko kimoja kwa kuniuliza kwa nini kanuni niliyoifundisha ilikuwa na neno moja lisiloifuata. Alisoma akaenda Nairobi, akafanya kazi na kompyuta miaka mitatu, kisha akarudi kwetu. Siku ya kwanza aliingia ofisini, akainama, akaniamkia kwa mikono miwili. Bwana Mburu alifurahi sana, akasema kwamba sasa mwalimu na mwanafunzi watalima shamba moja. Nilitabasamu. Nakuambia kweli, nilihisi kitu kama punje ya mchanga kwenye jicho, na tangu siku hiyo hakijatoka.

Kila alichokifanya kiliniuma. Aliandika haraka. Alikosea mara chache, na akikosea alicheka. Mimi nikikosea nilikuwa nikifunga mlango. Balbir Singh, fundi wetu wa mashine, ambaye miaka yote alikuwa akinitania mimi tu, alianza kumtania yeye. Alimwambia, "Wewe msichana, hii mashine kwa Mwalimu nakula karatasi kama mbuzi, kwako naimba tu!" Watu walicheka, nami nikacheka. Siku nyingine nilimtuma dukani kwa Mzee Shantilal kuchukua karatasi, akakawia. Nilimfuata. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kile, kikombe cha chai mkononi, mzee amesimama anamsimulia habari za mjukuu wake. Aliponiona aliinuka mara moja akanipisha. Sikukaa. Nilisema nina haraka, nikarudi ofisini nikajifungia nikanoa penseli zote za ofisi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwezi wa Oktoba Bwana Mburu alituita akasema mashine inakula saa nyingi mno kwa kuyachanganua maombi yaleyale kila wiki. Akaagiza kila ombi la kudumu lichanganuliwe mara moja tu, mti wake utobolewe kwenye kadi, na kadi hizo zihifadhiwe kabatini. Kila Jumatatu tungechukua kadi zilizokwisha kuchanganuliwa na kuzilisha mashine moja kwa moja. Wote tulikubali. Hapo Jepkorir akainua mkono, kama darasani. Alisema ni agizo zuri, ila kuna neno moja litatuponza, nalo ni LEO. Kisomaji kikiweka tarehe mahali pake siku ya kuchanganua, alisema, basi leo ya siku hiyo itakuwa leo ya milele.

Alieleza kwa utulivu. Alisema neno LEO lina sura ya jina, lakini tabia yake ni ya kazi: ni swali ambalo mashine inapaswa kuulizwa siku ya kutenda, na si siku ya kusoma. Kwa hiyo kisomaji kisilitafute ndani ya kumbukumbu za ng'ombe, wala kisilijibu papo hapo. Kiliwekee tawi la aina yake kwenye mti, tawi la kazi isiyodai kitu, na kuliacha bila jibu hadi kadi zitakapolishwa mashine. Akaongeza kwamba neno SASA, tunalolitumia kwa saa za kupokea maziwa, ni la ukoo uleule. Kuna mabwana mifugo wanaoliandika peke yake, na kuna wanaoliandikia mabano yenye neno DAKIKA ndani ili sekunde zikatwe. Alisema mabano ni kama koti: mtu akivaa au akivua ni yuleyule, na mti unapaswa kumwonyesha akiwa yuleyule. Mwisho alisema kwamba katika kazi moja mashine iulizwe tarehe mara moja tu, na jibu hilo litumiwe mwanzo hadi mwisho, ili orodha moja isiwe na leo mbili.

Kila neno lilikuwa sawa. Nilijua ni sawa alipokuwa bado anasema. Ndipo nikasimama, nikasema kwa sauti ya darasani kwamba neno lisilo na mabano si kazi na halijawa kazi, kwamba mti wenye tawi lisilojibiwa ni mti wa mwanafunzi mvivu, na kwamba kama tungeanza kuvunja kanuni kwa ajili ya maneno mawili, kesho yangekuwa ishirini. Bwana Mburu alimtazama yeye, akanitazama mimi. Kipkemei akasema kwamba yeye hajui mti wala tawi, anachotaka ni orodha isiyomdanganya, kwa sababu akifika boma la mtu na sindano hapendi kufukuzwa na mbwa bure. Wakacheka. Bwana Mburu akaamua kwamba Jepkorir aandike anachokisema, nami niyatazame mabadiliko hayo kisha niyaingize, kwa kuwa ufunguo wa kabati la kadi ni wangu. Hiyo ndiyo desturi ya ofisi yetu: hakuna mkono mwingine unaogusa kadi za kisomaji, na kila badiliko huandikwa na mimi katika daftari, kwa tarehe na jina la aliyelitunga. Bwana Mburu aliongeza maneno ambayo labda hakuyapima. Alimwambia Jepkorir, "Mwalimu wako amejenga nyumba, wewe tutilie madirisha." Kila mtu aliona ni utani mzuri. Mimi nilisikia kwamba nilijenga nyumba yenye giza.

Jumatatu, tarehe 27 Oktoba, maombi yote ya kudumu yalichanganuliwa na kadi zake zikafungiwa kabatini. Ijumaa ya wiki hiyo Jepkorir aliniletea kadi zake, kumi na tisa, zimefungwa kwa ukanda wa mpira. Alikuwa akienda Gilgil kwa wiki mbili kuwafundisha makarani wa huko. Alinieleza kwamba zikishaingizwa, ombi la chanjo lichanganuliwe upya mara moja, na baada ya hapo halitatusumbua tena. Aliniambia, "Mwalimu, nitashukuru ukizisahihisha kwanza, maana nakuogopa mpaka leo." Alisema hivyo akicheka, akaenda kupanda gari.

Jumatatu iliyofuata, tarehe tatu Novemba, niliandika katika daftari: Mabadiliko ya neno LEO na neno SASA, kadi kumi na tisa, yametungwa na Jepkorir, yameingizwa. Nikatia sahihi. Kisha nikazifunga zile kadi kwa gazeti na kuziweka ndani ya droo ya meza yangu, chini ya kamusi.

Sikuziingiza, dada. Ombi la chanjo halikuchanganuliwa upya.

Najua umesimamisha macho hapo. Tafadhali endelea, kwa sababu hilo si baya kuliko yote.

Nilijiambia kwamba ni kwa muda tu. Nilijiambia kwamba kila mwezi ningelichanganua ombi lile upya mimi mwenyewe kwa njia yangu ya zamani, tarehe ingekuwa karibu na sahihi, na mwisho ningesema, mnaona, nyumba haikuhitaji madirisha. Hata hilo sikulifanya. Jepkorir aliporudi kutoka Gilgil aliniuliza kama zimeingia. Nikamwambia zimeingia. Hakuomba kuona. Hakufungua daftari. Kwa nini afungue? Ni mimi niliyemwambia akiwa na miaka kumi na mmoja kwamba mwongo hafundishiki.

Novemba yote orodha ya kila Jumatatu ilitoka ikiwa na tarehe mpya juu, kwa sababu kichwa cha karatasi husoma kadi ya tarehe ya asubuhi ile. Chini ya kichwa, hesabu ilikuwa bado inahesabu hadi tarehe 27 Oktoba. Ng'ombe waliokuwa wamepitisha siku zao kufikia Oktoba walichanjwa, wakatoka kwenye orodha. Waliopitisha siku zao baadaye hawakuingia. Orodha ikafupika wiki hata wiki. Jumatatu ya tarehe nane Desemba karatasi ilitoka ikiwa na kichwa peke yake.

Ofisi nzima ilishangilia. Kipkemei aliishika ile karatasi tupu juu, akasema, "Wamekwisha! Sasa nani abaki wa kuchanjwa, nianze na Singh?" Balbir akamjibu, "Anza na meneja, yeye ndiyo iko na pembe!" Bwana Mburu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Akaagiza soda kwa kila mtu. Akasema mbele yetu sote kwamba tangu Ushirika uanzishwe haijapata kutokea wilaya nzima ikachanjwa kwa wakati, na kwamba hii ni kazi ya binti huyu. Akampa mkono Jepkorir. Baada yake akanipa mimi. Jepkorir akasema kwamba sifa ni za mwalimu wake, kwamba yeye aliongeza neno moja tu.

Nilijua. Nataka neno hilo likufikie bila pambo. Nilipoitazama karatasi ile tupu nilijua kwamba maelfu ya ng'ombe walikuwa wanapitisha siku zao gizani, nami nilikuwa nimeshika chupa ya soda. Ningeweza kusema palepale. Ningesema nimesahau kuziingiza, wangenilaumu siku moja, yakaisha. Badala yake niliwaza hivi: mwache apande. Mtu aliyepanda juu ndiye anayesikika akianguka. Hayo ndiyo niliyoyawaza, mimi mzee wa kanisa, kwa maneno hayohayo.

Ng'ombe wako walichanjwa tarehe ishirini Mei. Siku zao zilikwisha katikati ya Novemba. Sikuwafikiria. Ukiniuliza kama niliwakumbuka hata mara moja Rosi na ndama wake, jibu ni hapana. Wivu hauna nafasi ya ng'ombe.

Yaliyotokea Februari unayajua kunishinda. Ugonjwa ulianzia kwa jirani yako wa juu, ukateremka. Ndama wako walikufa wakiwa wananyonya. Familia thelathini na moja zimefungiwa, haziruhusiwi kutoa mnyama wala kuleta maziwa. Bwana Mburu alichukua kadi za karatasi za chanjo, akazilinganisha na orodha zetu, akaona kilichoachwa. Akafungua daftari langu. Badiliko la mwisho lililoandikwa lilikuwa la neno LEO, na jina lililokuwa pale lilikuwa la Jepkorir. Nani angefikiri vinginevyo? Kabla ya mabadiliko yake orodha ilikuwa sahihi, baada yake ikaharibika. Akamsimamisha kazi hadi kikao. Alisema kwa huzuni kwamba haraka ya vijana ndiyo hii.

Jepkorir hakujitetea. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, ingawa si kwa huruma mwanzoni. Alikuja nyumbani kwangu Jumamosi ya tarehe sita na karatasi alizokuwa ameandikia kazi yake kabla haijatobolewa. Mama watoto akampa uji. Akaniambia, "Mwalimu, nimezisoma siku tisa. Nimekosea wapi? Nionyeshe tu, nijue, hata kama watanifukuza." Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema alikuwa anawaona wale ndama akifumba macho. Nilivaa miwani, nikachukua kalamu nyekundu, nikaketi naye meza moja kwa saa mbili, tukitafuta kosa ambalo nilijua halipo. Mwishoni nilimwambia kwamba kosa lingine hujificha. Akanishukuru. Alinishukuru, dada, kisha akaosha kikombe chake mwenyewe akaenda.

Jana sasa. Jana nilikwenda ofisini nikiwa na ufunguo. Kuna mkaguzi anayekuja kutoka Nairobi siku ya kikao, naye atataka kadi zote zichapishwe karatasini azisome. Akizisoma hataona badiliko la Jepkorir. Ataona kwamba daftari linasema jambo moja na kabati lina jambo lingine, na sahihi ni yangu. Kwa hiyo nilikuwa nimekwenda kuziingiza zile kadi kumi na tisa mahali pake, lakini baada ya kutoboa upya moja kati yake kwa namna ambayo tarehe ingebaki palepale. Ningemtengenezea kosa alilokuwa akilitafuta.

Ili nijue ni ipi ya kuiharibu, ilinipasa nizisome. Nilizisoma moja baada ya nyingine, kama mtihani. Lilikuwa jambo la kwanza alilotunga ambalo nililisoma kwa macho yangu yote, kwa sababu tangu Julai nilikuwa nikimsoma kwa kutafuta makosa. Kufikia kadi ya kumi na moja nilielewa kitu ambacho hakunieleza. Njia fupi ya kufanya alichokitaka ni kuzitoa kadi zangu saba na kuweka zake sita. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Yeye alitumia kumi na tisa kwa sababu hakutaka kugusa hata moja ya zangu. Alizunguka kazi yangu kama mtu anavyomzunguka mzee aliyelala mlangoni, akanyanyua miguu ili asimwamshe. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Usidhani moyo wangu uliyeyuka. Jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa wivu tena, mkali kuliko wote, kwamba hata adabu yake ilikuwa imetungwa vizuri kuliko yangu. Bado ninao ninapoandika. Lakini sikuweza kuitoboa ile kadi. Mkono ulikuwa juu ya mashine ya kutobolea, na haukushuka. Nikazifunga tena kwa gazeti, nikafunga kabati, nikatoka.

Sasa nakupangia maneno kama ulivyoniomba.

Njoo Alhamisi. Usikose, hata kifua kikikusumbua. Jifunike lile shuka zito na ukae mbele na dereva. Ukifika kwenye ukumbi watakupa nafasi ya kwanza kusema, kwa kuwa wewe ndiwe uliyepoteza zaidi. Waeleze habari za ndama. Waeleze habari za Rosi. Usipunguze kitu. Kisha watakapokuuliza unamlaumu nani, usimnyooshee Jepkorir kidole. Mnyooshee ndugu yako, ambaye atakuwa ameketi kulia kwa meneja. Mwambie Bwana Mburu aniagize niifungue droo ya meza yangu.

Huenda utauliza kwa nini nisimwandikie meneja mwenyewe leo hii, nikamaliza. Nimemwandikia. Barua iko hapa mezani, bila bahasha, na tangu asubuhi nimeirarua mara mbili na kuiandika mara tatu. Ninajijua. Kati ya leo na Alhamisi kuna siku tatu, na kila siku moja nitapata sababu nzuri ya kungoja ya pili. Nikikuandikia wewe siwezi kuirudisha barua. Ulinilea mama alipofariki, na sijapata kukuona ukisamehe jambo kabla halijasemwa mbele ya watu. Ndiyo maana nimekuchagua.

Siombi unitetee kwa kuwa tumenyonya titi moja. Ukiweza, baada ya kikao umtafute yule msichana umpe mkono. Mimi sitaweza siku hiyo, na sidhani kama atataka.

Mwambie mwanao Dalmas asiwaachilie ng'ombe waliobaki wanywe maji ya mtoni mpaka bwana mifugo aseme. Kwato za Rosi zioshwe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na alazwe pakavu. Kipkemei atafika kwenu Jumanne na sindano. Nimempa jina lako kwa mkono wangu, bila mashine.

Mama watoto anasema utalala kwetu Jumatano au Alhamisi, utakavyoona vyema. Hajui niliyoyaandika humu. Wasalimu wote wa boma, wadogo kwa wakubwa, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi ndugu yako, uliyenifundisha kusema kweli, nami nikawafundisha wengine,

Joash Adero.